Msomaji wa Kuazima

Kwetu mgeni akitangaza kwamba anakuja, anadhani atafikia nyumba ya mtu mmoja, kumbe anafikia mtaa mzima. Kiti atakachokalia kimetoka kwa Bi Rehani, birika limetoka kwa fundi cherehani, kitambaa cha meza ni cha mwalimu wa madrasa, na mwenye nyumba mwenyewe huenda amevaa viatu vya shemeji yake. Hakuna anayeona haya. Haya ni kumwacha mgeni akuone ulivyo. Na chombo ulichoazima hukirudishi kitupu: bakuli linarudi na viazi viwili, ungo unarudi na kibaba cha mchele. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi siwezi kuusema vibaya ustaarabu wa watu walionilea.

Nayatanguliza haya kwa sababu wapo wenye midomo, hasa wale waliohama nchi yetu, wanaodai kwamba yaliyotokea shuleni kwetu Kitopeni yalikuwa uovu. Si kweli hata kidogo. Nchi yetu haina watu waovu. Mimi Mbaruku nimekuwa mwalimu miaka kumi na tisa, nimekutana na maafisa wa kila cheo, sijamwona mwovu hata mmoja. Ulikuwa ukarimu tu, ukarimu uliogongwa muhuri.

Mambo yalianza pale Wizara ya Elimu na Ufaulu ilipogundua kwamba watoto saba katika kila kumi wanamaliza shule ya msingi hawajui kusoma. Mheshimiwa Waziri alishtuka. Aliita waandishi wa habari waje wamwone anavyoshtuka, na sisi tusio na televisheni tukamsikiliza redioni akishtuka kwa dakika arobaini. Alisema ufaulu umeshuka, na kitu kikishuka lazima kipandishwe, na kwa hiyo ameunda Tume ya Kupandisha Ufaulu yenye wajumbe thelathini na mmoja, magari kumi na sita na wapishi wao wenyewe.

Sisi walimu tulifurahi, maana tulidhani Tume itatuuliza sababu. Sababu tulikuwa nazo, tena tumezipanga vizuri. Tulikuwa na watoto mia nane na kumi na wawili katika vyumba vitano, na kimoja kati ya hivyo hakikuwa na paa. Vitabu vya kusoma vilikuwa vinne, na kimoja mchwa walikuwa wamekianza mwanzo na wamefika ukurasa wa thelathini. Darasani kwangu walikaa watoto mia na sitini na watatu. Wale wa nyuma nilikuwa nawajua kwa sauti, sura zao nilikutana nazo sokoni.

Lakini barua ilipofika ilisema Tume haina nafasi ya kusikiliza sababu. Itafika kila shule, itapokewa, itakaribishwa kukaa, kisha mtoto mmoja atakayechaguliwa na shule yenyewe atasimama asome. Akisoma, ukuta wa mbele unapakwa rangi ya kijani. Asiposoma, unapakwa nyekundu, na mwalimu mkuu anahamishiwa kule ambako hata barua za uhamisho huwa hazifiki.

Mwalimu Mkuu wetu, Bi Tunu Mgaza, alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Mwalimu Mbaruku, tuna mtoto anayesoma?"

"Tunaye mmoja."

"Mmoja anatosha," akasema. "Hawajaomba wawili."

*

Mtoto mwenyewe aliitwa Sikudhani. Alikuwa darasa la tano, mwembamba, mwenye kawaida ya kukuna kisigino kimoja kwa kidole gumba cha mguu wa pili anapofikiri. Mama yake, Bi Mwajabu, alikuwa akipasua kokoto kando ya barabara kuu. Anakaa juani tangu asubuhi na nyundo yake, anayafanya mawe makubwa kuwa madogo mpaka lori lije. Nyumba yao ilivuja, akaziba paa kwa mifuko mitupu ya saruji, na mifuko ile ilikuwa imeandikwa HIFADHI MAHALI PAKAVU. Sikudhani alilala chali miezi mingi anayatazama maneno yale, matone yakimdondokea usoni, mpaka siku moja akaja kuniuliza yanasemaje. Nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo hakunipa nafasi ya kupumua. Watoto wakiondoka yeye anabaki, nami nabaki naye, na chaki niliyoificha mfukoni. Baada ya miezi minane alikuwa anasoma gazeti lililofungiwa chumvi, anasoma kibao cha zahanati, anasoma migongo ya malori yakipita mbio. Nilimpenda mtoto yule, siwezi kuficha. Mwalimu mwenye watoto mia na sitini na watatu anahitaji mmoja wa kumkumbusha kwamba yeye si mchunga mbuzi.

Siku moja Bi Mwajabu aliniambia, macho kayakaza kwenye mawe yake, "Mwalimu, mie sina ombi kubwa kwako. Nataka mwanangu afaulu darasa la saba, aende sekondari. Asije akakaa hapa nilipokaa mie."

Nikamwambia atafaulu. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa, na nilikuwa sijakosea bado.

*

Tume ilikuja Jumanne. Tuliazima madawati arobaini kutoka shule ya jirani ya Bondeni, tukaazima saa ya ukutani ya zahanati na mapazia ya sebuleni kwa Bi Tunu. Watoto mia saba na hamsini tuliwapa ruhusa ya kwenda kuoga, wakabaki sitini na wawili, kila mmoja na nafasi ya kuweka viwiko. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona sakafu ya darasa langu, na niligundua ina ufa.

Mwenyekiti wa Tume, Mheshimiwa Daktari Ngwandu, alikuwa mtu wa sauti laini na mikono mizito. Alisimama, akakohoa, wajumbe wote wakaandika.

"Walimu," akasema, "tatizo la kusoma ni tatizo la msomaji. Serikali imefanya yote. Serikali imejenga dhamira. Serikali imesambaza maelekezo. Kilichobaki ni mtoto kufumbua macho akatazama karatasi. Je, hilo nalo tumfanyie?"

Tukapiga makofi. Kisha Sikudhani akasimama na kile kitabu ambacho mchwa walikuwa wamekiacha, akasoma ukurasa wa thelathini na moja:

"Shangazi Rukia alikuwa na kuku mmoja. Kuku wake alikuwa mwekundu. Kuku alitaga mayai sita. Shangazi Rukia alifurahi sana."

"Kuku alitaga mayai mangapi?" akauliza Mheshimiwa.

"Sita."

Lo, makofi yaliyopigwa. Mjumbe mmoja mzee alifuta machozi. Ukuta wetu ukapakwa kijani kabla supu haijapoa, na Bi Tunu akaniomba kiti akae. Mimi nilisimama mlangoni kifua mbele kama baba wa bwana harusi.

*

Siku ya pili yake, jua likianza kupungua ukali, akaja Mwalimu Ngwali, mkuu wa Bondeni. Aliuliza hali zetu, akauliza watoto, akauliza mvua ya huku imekaaje. Alipofika kuulizia mguu wa mama yake Bi Tunu, tulijua kaja kuazima.

"Nina wageni kesho kutwa," akasema mwishowe. "Wale wale wa kwenu."

"Madawati yako tutayaleta asubuhi," Bi Tunu akamjibu.

"Madawati nashukuru." Akasafisha koo. "Sasa, yule mtoto wenu. Nikimpata kwa asubuhi moja tu. Mie kwangu nimetafuta darasa kwa darasa, sikujaliwa."

Tukatazamana. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu amekuazima madawati arobaini, umewapokelea wageni wako juu yake, leo ana wageni yeye, umwambie hapana? Tulikwenda kwa Bi Mwajabu sote watatu. Alituandalia mfuko wa saruji tukalie, akasikiliza mpaka mwisho.

"Jirani ana wageni, nimnyime?" akasema. "Watu watanionaje. Mchukueni, ila arudi kabla ya chakula cha mchana, ana hesabu za kufanya."

Sikudhani akavishwa sketi ya Bondeni, akasoma habari za Shangazi Rukia, Bondeni ikawa kijani. Na Mwalimu Ngwali, mtu mwungwana, hakumrudisha mikono mitupu: alimrudisha na mche wa sabuni na sukari nusu kilo.

Wiki iliyofuata walikuja wakuu wawili. Wiki ya pili walikuja watano, mmoja na baiskeli kutoka mbali kiasi kwamba ilibidi tumpe pa kulala. Kila mmoja aliulizia mvua. Kila mmoja alimrudisha na kitu: kibaba cha kunde, kitana, kandambili. Nyumbani kwa Bi Mwajabu wakaanza kula mara mbili kwa siku, nami nikajiambia, basi, elimu imeanza kumletea mtoto matunda.

*

Nilikuwa najua siku ya kukamatwa itafika. Afisa Elimu wa Wilaya, Bwana Machumu, alifuatana na Tume katika shule tatu kwa wiki moja, na katika shule ya tatu alimkazia macho Sikudhani, akatazama sketi yake, akamtazama tena. Kesho yake akatuita mimi na Bi Tunu ofisini kwake. Bi Tunu alikwenda na kanga ya akiba, maana alidhani atalala ndani.

Bwana Machumu alitukaribisha viti.

"Mnanisikitisha," akasema. "Jambo zuri kama hili mnalifanya bila utaratibu?"

Mwezi haukuisha ukatoka Waraka Namba Tisa. Nilikuwa naujua kwa moyo, na mpaka leo naweza kuusoma bila karatasi: "Kwa kuwa Taifa linakabiliwa na upungufu wa wasomaji, na kwa kuwa msomaji mmoja akitumiwa kwa uangalifu anaweza kuitosheleza wilaya nzima, inaagizwa kwamba wasomaji wote wasikalie shule moja kwa ubinafsi, bali wawe mali ya wilaya na waazimwe kwa zamu."

Katika wilaya yetu wasomaji wote alikuwa Sikudhani.

Aliingizwa kwenye orodha ya vifaa vya kufundishia, kati ya ramani ya dunia na kengele. Alipewa sanduku la bati lililoandikwa namba, na ndani yake sketi tisa za rangi tisa. Ilikuja gari kumchukua. Waraka ulikuwa umekumbuka hata mila zetu: ulielekeza kwamba kila shule imrudishe na kitu kisichopungua kipande cha sabuni. Baadaye ukatoka waraka mwingine wa kubana matumizi, ukakifuta kipande cha sabuni.

Mimi nilifanywa Mlezi wa Kifaa. Nilipewa koti. Nalitaja koti ili usiseme nimeficha kitu.

*

Tulizunguka. Kwanza wilaya yetu, kisha wilaya za jirani, kwa sababu nako waliishiwa wasomaji na mkoa ukaona si vizuri kunyimana. Darasa la tano likaisha tukiwa njiani. Darasa la sita likaisha tukiwa njiani. Sikudhani akajifunza kubadili sketi kwenye kiti cha nyuma gari likitembea, nami nikajifunza kutazama mbele.

Katika shule zile nilikuwa naona watoto wamerundikana nje ya uzio, wale waliopewa ruhusa ya kwenda kuoga. Walimchungulia Sikudhani akisoma kwa niaba yao. Mmoja aliniuliza yule dada ni wa darasa gani. Nikamwambia ni wa darasa lenu. Akaamini, mtoto wa watu.

"Mwalimu," Sikudhani aliniuliza siku moja ndani ya gari, "wenzangu wamefika wapi kwenye hesabu?"

"Wamefika sehemu."

"Sehemu ndiyo nini?"

"Kitu kizima ukikigawa. Ukikata chungwa katikati unapata nusu. Ile nusu ukiikata tena—"

Gari likasimama. Dereva akasema tumefika, sketi ya bluu. Tulikuwa tumekubaliana tungeendelea wakati wa kurudi, lakini wakati wa kurudi alilala, kichwa kaegemeza dirishani, na sikuwa na moyo wa kumwamsha. Ukiniuliza leo kama nilikuwa na siku nyingine za kumfundisha sehemu, nitakujibu zilikuwepo, mbili hivi au tatu. Nilikuwa nimechoka. Nalo koti lile lilikuwa la joto, mtu analala bila kujua.

Kulitokea mara moja tu jambo la kutushtua. Kulikuwa na mjumbe mpya wa Tume, msichana aitwaye Bi Siwatu, ambaye hakuwa amepewa maelezo vizuri. Mheshimiwa alipouliza mayai mangapi, na Sikudhani akajibu sita, na makofi yakapigwa, Bi Siwatu akanyoosha mkono.

"Mimi ningependa kumuuliza. Kwa nini Shangazi Rukia alifurahi?"

Mwalimu mkuu wa shule ile akashika ukuta. Sikudhani alikuna kisigino kwa kidole cha mguu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu.

"Kwa sababu hakuna aliyekuja kuazima kuku wake," akasema.

Mheshimiwa Daktari Ngwandu alicheka mpaka miwani ikamdondoka, akaagiza iandikwe kwamba watoto wetu wana ucheshi. Bi Siwatu hakucheka. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi na koti langu, na safari iliyofuata hakuwemo. Ukatoka waraka kwamba maswali yahusu idadi ya mayai pekee.

Bi Mwajabu alikuwa akija shuleni kila Ijumaa kumuulizia mwanawe. Nilipokuwepo nilimjibu mwenyewe. Alisimama nje ya ofisi, nyundo mkononi, hakai hata akikaribishwa.

"Yuko wapi safari hii?"

"Mkoa wa jirani. Anapendwa sana huko, Bi Mwajabu. Mheshimiwa Waziri kamtaja redioni."

"Mtihani ni mwezi wa tisa, mwalimu."

"Atawahi."

"Kuwahi najua atawahi. Nauliza kama ana cha kuandika."

Nilimjibu kwamba mtoto aliyesoma mbele ya wajumbe thelathini na mmoja hawezi kushindwa na karatasi. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye mwalimu na yeye ni mpasua kokoto. Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi, kuliko hata koti.

*

Mwezi wa nane Mheshimiwa Waziri alitangaza ushindi. Alisema Tume imekwisha fika shule elfu moja, mia moja na arobaini, na ufaulu umepanda mpaka asilimia tisini na tisa. Ile moja iliyobaki ni shule zilizokatikiwa barabara na mvua, msomaji hakufika. Wimbo ulitungwa. Nchi jirani zilituma watu waje kujifunza, na ilibidi tuwaazimie vitanda.

Asubuhi ya mtihani gari lilimshusha Sikudhani getini kengele ikilia, na sketi ya kijivu ya shule nyingine. Alipita katikati ya wenzake wa darasa la saba, hakuna aliyemjua. Msichana mmoja alimsogezea dawati kama anavyosogezewa mgeni. Mimi siruhusiwi kuingia chumba cha mtihani, nilikaa nje kwenye jiwe, na mama yake alikaa upande wa pili wa njia. Siku ile hakwenda kwenye kokoto. Alikuwa kavaa kanga mpya.

Alipotoka hakulia. Mambo yale alinieleza yeye mwenyewe baadaye, kwa sauti ya mtu anayehadithia ya mtu mwingine. Hesabu alizitazama zote, zilikuwa hesabu za sehemu na nyingine ambazo hata majina yake hakuwahi kuyasikia, akarudisha karatasi ilivyokuja. Kwenye Kiswahili kulikuwa na habari ya mfinyanzi, na swali liliuliza kwa nini mfinyanzi alivunja chungu chake.

"Jibu nililiona, mwalimu. Lilikuwa pale pale, mstari wa tatu. Lakini mkono ukaandika sita. Nikafuta, ukaandika tena sita. Basi nikauacha."

*

Katika watoto tisini na wanne wa Kitopeni walifaulu wawili, na Sikudhani hakuwemo. Nchi nzima ilikuwa hivyo hivyo. Watu wakaanza kunong'ona, ikabidi Wizara ifafanue kwamba matokeo ya mtihani ni jambo moja na ufaulu ni jambo jingine, yana idara tofauti na majengo tofauti, na Tume ilipewa ufaulu. Tukaelewa.

Kisha ikaja barua kwangu kama Mlezi wa Kifaa. Ilisema kwamba kwa kuwa kifaa kimemaliza darasa la saba, muda wake wa matumizi umekwisha. Lirudishwe sanduku, zirudishwe sketi tisa zikiwa zimefuliwa.

Niliipeleka mwenyewe. Niliwakuta wawili kando ya barabara, mama na binti, kila mmoja na nyundo yake na lundo lake. Lundo la Sikudhani lilikuwa dogo. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa, bado alikuwa hajajua kuukwepesha mkono. Nilikuwa nimemletea na kitabu, nilikinunua mjini, kipya, hakina mchwa. Nikamnyooshea.

Alikitazama jalada bila kukishika.

"Nisomee wewe, mwalimu," akasema. "Mie nimechoka kusoma."

Nikamwambia mama yake kuhusu sanduku na sketi. Bi Mwajabu aliendelea kugonga jiwe mpaka likapasuka, ndipo akanijibu.

"Sketi nimezifua, ziko ndani." Akachukua jiwe jingine, akaligeuza akitafuta pa kupiga. "Nimeishi miaka yangu yote naazima na kuazimwa. Hata sufuria likirudi, narudishiwa na kitu ndani. Mie nilikupeni mtoto amejaa, mwalimu. Mtazame."

Sikuweza kumtazama. Nilibeba sanduku, nikalifikisha stoo ya shule, nikafunga mlango kwa ndani, na nikalia kwa sauti mpaka Bi Tunu akaja kugonga akidhani nimeumwa na nge.

*

Sasa nimalizie, maana naona nimeanza kusema kwa uchungu, na mimi si mtu wa kulalamika.

Msomaji wetu alipokwisha kutumika, wilaya ilihitaji mwingine. Bwana Machumu akaanza kupita shule kwa shule akitafuta. Alitegemea kazi itakuwa rahisi, lakini alikutana na maajabu. Mahali ambapo zamani angalau mtoto mmoja katika watatu alijikongoja na silabi, sasa hapakuwa na hata mmoja. Shule nzima ya Bondeni hawakujua herufi a. Alinipigia simu kuniuliza kama kuna ugonjwa. Nilimjibu sijasikia.

Nilikuwa najua kitu kimoja tu, nacho sikumwambia. Jioni moja nilipita karibu na kokoto za Bi Mwajabu, nikaona Sikudhani ameshika kipande cha mkaa, anaandika juu ya mawe bapa. Mbele yake amechutama mdogo wake, Chausiku, wa darasa la pili. Chausiku alikuwa anasoma. Alikuwa anasoma haraka, anameza maneno, anadai jiwe jingine kabla dada yake hajamaliza kuandika. Nimefundisha miaka kumi na tisa sijaona kichwa kama kile. Sikudhani mwenyewe hakuwa hivyo. Bi Mwajabu aliponiona alisimama na kanga yake, akayafuta mawe yote, moja moja, mpaka la mwisho. Hakunisalimu. Nikapita.

Bwana Machumu akafika Kitopeni siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimeshushwa hadi darasa la pili wakati huo, nalo lina watoto mia na sabini na wawili. Alikaa kiti cha mbele, tulichokiazima kwa Bi Rehani, akaniamuru niandike neno ubaoni. Nikaandika. Akaita watoto mmoja mmoja. Kila aliyesimama alitazama ubao, akatazama dirishani ambako gari la wilaya lilikuwa limeegeshwa kivulini, akasema, "Sijui, mwalimu." Mimi ndiye niliyeshika orodha. Kila aliyesema sijui nikamwandikia hajui.

Ilikuwa zamu ya Chausiku. Alisimama. Nilikuwa nimeandika neno refu, nalo kwa kweli niliandika bila kufikiri, MATUMAINI, na macho yake yalilifikia kabla hajasimama sawasawa. Midomo yake ikaanza kusogea. Akapandisha mkono akaifunika.

"Unajua au hujui?" akauliza Bwana Machumu.

Mtoto akanigeukia mimi. Ana miaka minane tu, na alinitazama kwa macho ya mtu mzima anayetaka kujua uko upande gani.

"Sijui, mwalimu," akasema.

Bwana Machumu alishusha pumzi. Akaniuliza, na nadhani alikuwa anasikitika kweli, maana si mtu mwovu, "Mwalimu Mbaruku, huyu naye hata herufi moja?"

"Hata moja, mheshimiwa."

"Miaka miwili yuko shuleni."

"Ni mzito. Nimejaribu kila njia."

Nikalitafuta jina lake kwenye orodha. Nikaandika hajui, kwa hati nzuri, inayosomeka. Kisha nikamwambia akae, nikaita jina linalofuata.